Aliyeandikwa Kwanza

Kazi yangu vitani ni kuongea na walioanguka. Sibebi bunduki, sijui hata inafunguliwaje, na kwa miaka sita niliyokaa na Kikosi cha Rungwe hakuna aliyewahi kunitaka nijue. Nina kiti changu, nina kofia yangu, nina daftari langu. Inatosha.

Jumamosi ile nilifika bandani saa mbili asubuhi, mvua inanyesha kama kawaida ya Tukuyu. Banda letu zamani lilikuwa la kupimia majani ya chai, na mizani yake bado imening'inia ukutani. Asajile, mpishi wetu, alikuwa ameshabandika sufuria la kande. Kofia yangu alikuwa ameiweka karibu na jiko, juu ya kitambaa, ipate joto. Siku ya kwanza nilipoivaa niliguna kidogo kwa baridi ya kile chuma kinachokaa nyuma ya sikio. Alilisikia lile guno, na tangu siku hiyo hajasahau hata Jumamosi moja.

"Shikamoo, Bibi Atuganile."

"Marahaba, Asajile. Leo umeweka karanga?"

"Nimeweka. Usimwambie kamanda, atasema nawadekeza askari."

"Kwani huwadekezi?"

"Nawadekeza sana," akasema, akanimiminia chai.

Watu ishirini na wanne walikuwa wanavaa fulana zao. Fulana ya uwanjani haileti maumivu, Liga, chama kinachoendesha vita hii ya mchezo tunayoiona kupitia kofia, iliyakataza tangu mwanzo, lakini inaleta baridi, inaleta uzito, inaleta uchovu. Ukipigwa inakaza mwili mzima, hunyanyuki. Wenzako wanakuona umelala sakafuni pa banda, ila machoni pako uko kwenye matope ya korongo, na baridi unayoisikia ni ya kweli. Ndipo zinapoanza dakika zako arobaini. Ukifikishwa kwenye hema la wauguzi kabla hazijaisha, umepona. Zikiisha, askari wako anafutwa na kila alichobeba, na wewe unaanza upya kama aliyejiunga jana. Liga ilitaka hivyo kwa makusudi. Walisema vita ambayo mtu anakufa na kufufuka kila baada ya dakika tano inamfundisha vibaya.

Kwa hiyo nyuma ya wapiganaji tupo sisi. Yupo Asajile, anayepika chakula cha kweli bandani na cha mfano uwanjani. Wapo wabeba machela wawili, na muuguzi, na mchora ramani. Yupo Bupe, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye siku za kazi anauza vitenge sokoni na hana makuu, lakini akishika usukani unaweza kumkabidhi mwanao mchanga. Na nipo mimi. Mtu akianguka, redio yake inafunguka kwangu, nami nakaa naye mpaka gari lifike. Namuuliza maswali matatu. Jina lako nani? Unaona nini? Umekula nini asubuhi? Mawili ya kwanza yamo kwenye kanuni, yanamsaidia dereva. La tatu nililiongeza mimi, kwa sababu nimegundua kwamba mtu anayeeleza alichokula anasahau kuogopa.

Nikishasikia jina naliandika. Daftari ni la karatasi, lakini kalamu ni ya Liga. Jina likiandikwa, dakika zake zinaonekana pembeni, na Bupe anaziona kwenye kioo cha gari lake. Kalamu hiyo ina kitufe kimoja cha kufuta. Miaka yote sita sikuwa nimekigusa.

*

Ilipata saa nne na nusu nilipomsikia.

"Kuna mtu?"

Sauti ya kijana, ya chini, kama mtu anayebisha hodi asije akasumbua.

"Yupo, baba. Hapa ni Bibi wa redio. Jina lako nani?"

"Bado sina."

Nikajua ni mgeni wa kikosi. Wapya wanasahau kujiandikisha, wanaingia uwanjani hivyo hivyo. "Basi nakuandika Mgeni mpaka upate lako," nikasema, nikaandika. "Unaona nini, Mgeni?"

"Bomba la saruji chini ya barabara. Maji yanaingia upande huu na kutokea upande ule. Yamefika kifuani."

"Pole, mwanangu. Umekula nini asubuhi?"

Nikasikia maji.

"Sijawahi kula," akasema. "Nilianza saa tatu."

Nikaweka kalamu chini.

Upande wa pili, kikosi cha Vwawa, walikuwa wamekuja watu kumi na tisa tu. Liga inapoona upungufu inaongeza askari wa kujazia. Hao hawana mtu ndani yao. Wanatengenezwa na mashine asubuhi ya mechi, wanajifunza kwa kusikia na kutazama, na jioni wanafutwa. Kanuni inasema wa kujazia akiokotwa na kufikishwa hemani, hafutwi. Anabaki na kumbukumbu zake zote, na anakuwa wa kikosi kilichomwokota. Lakini hiyo ni kanuni ya kitabuni. Sikuwa nimesikia kikosi kilichowahi kuitumia. Nani atapeleka gari kwa kitu kitakachotengenezwa tena Jumamosi ijayo? Na redio zao husikika kwetu wakianguka karibu, ila watu wa redio huzizima. Mimi sikuzima, kwa kuwa sikujua.

Ningejua mapema, ningemwandika? Nimejiuliza mara nyingi.

"Bibi," akaniita, "kula kukoje?"

"Kukoje..." Nikafikiri. "Asubuhi hii nimekula ndizi na maharage. Ndizi ukiimenya ingali ya moto inakuunguza vidole, nawe unaimenya tu. Unahisi joto linashuka hapa, katikati. Halafu unatafuta mtu wa kumwambia kaa, nawe ule."

"Kwa nini umtafute?"

"Haya, hilo hata sijui. Ndivyo kulivyo."

"Naendelea kusikiliza," akasema. "Usiondoke."

*

Dakika saba baadaye fulana ya Gwamaka ikakaza. Nilimwona kwa macho yangu anaanguka hatua nne kutoka kwenye kiti changu, na sauti yake ikaja sikioni ikitokea kilimani.

"Bibi, nimepigwa."

"Nimekusikia, Gwamaka. Unaona nini?"

"Mti uliovunjika, na moshi. Nimekula kande, kabla hujaniuliza."

Wote tulimpenda Gwamaka, na wote tulijua amebeba nini. Kila askari anaruhusiwa kuweka kwenye mkoba wake vipande arobaini vya sauti. Wenzake wamejaza amri na maelezo ya njia. Gwamaka amejaza vipande vya kaka yake Ipyana, aliyekuwa dereva wetu kabla ya Bupe na aliyefariki kwa ugonjwa wa figo miaka miwili iliyopita. Ipyana alikuwa na tabia ya kuongea njiani. Akienda kumchukua mtu, anaongea naye barabara nzima. Gwamaka alikuwa akianguka mara kwa mara, si askari hodari sana, kwa hiyo vipande vyake ni vingi. Hakuweza kuvitoa. Sauti ya kofia haipiti hewani ukainasa kwa simu, inapita kwenye mfupa nyuma ya sikio. Aliwaandikia Liga mara tatu kuwaomba, wakamjibu kwa adabu kwamba cha uwanjani hubaki uwanjani. Picha za kaka yake anazo. Sauti ilikuwa humo tu.

Nikaandika: Gwamaka. Jina la pili.

"Bibi, niko njia panda," akasema Bupe. "Kushoto ni bombani, kulia ni kilimani. Dakika zinasemaje?"

Alikuwa anaziona. Aliuliza ili nisibaki peke yangu na hesabu.

"Mgeni ana kumi na tisa. Gwamaka ishirini na sita."

"Kumfuata mmoja na kumfikisha hemani ni dakika kumi na saba. Kitanda ni kimoja."

Wabeba machela wetu wote wawili walikuwa ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limebomolewa. Kwa hiyo ni mmoja.

Kamanda Nsajigwa akavua kofia yake, akaja kuinama kwenye daftari langu. Ni fundi wa friji, mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti.

"Bibi, huyu Mgeni ni nani? Kwenye kikosi hayupo."

"Ni wa kujazia. Wa Vwawa."

"Wa kujazia!" Akashusha pumzi, akatabasamu kama mtu aliyepata funguo alizokuwa anazitafuta. "Basi hakuna tatizo. Mfute, Bupe apande kilimani."

"Kamanda, ameshaandikwa."

"Kwa bahati mbaya. Umekosea, si kitu, sote tunakosea. Mfute."

Nikatazama ukutani juu ya mizani. Mwaka wa pili wa kikosi, kabla sijajiunga, kamanda wa wakati huo aliruka jina kwenye orodha ili shemeji yake abebwe kwanza. Aliyerukwa alikuwa msichana mgeni, alikuwa na wiki tatu tu, na askari wake akafutwa huku anasikia gari linampita. Msichana huyo ni Bupe. Aliyekuwa anaendesha gari hilo ni Ipyana, aliyetii amri. Jioni ile Ipyana alichukua rangi ya kuandikia magunia, akapanda juu ya meza, akaandika pale ukutani kwa herufi mbaya: ALIYEANDIKWA KWANZA ATABEBWA KWANZA, AWE YEYOTE. Hakuna aliyewahi kupaka chokaa juu yake.

"Bibi," kamanda akasema, sasa kwa sauti ya chini, "hao ni hesabu za mashine tu. Gwamaka ni mtu."

"Gwamaka amelala pale sakafuni, Nsajigwa. Jioni atakunywa chai."

"Unajua amebeba nini."

"Najua."

"Bibi?" Ilikuwa sauti ya Gwamaka; alikuwa ananisikia, redio yake ilikuwa wazi kama redio ya kila aliyeanguka. "Mimi ni wa ngapi?"

Ningeweza kumdanganya. Hangeuliza mara ya pili.

"Wa pili, mwanangu."

"Wa kwanza nani?"

"Anaitwa Mgeni. Ni wa kujazia. Nilimwandika bila kujua."

Nilisikia pumzi zake, na nilikuwa nasikia maji ya bombani pia, maana wote wawili walikuwa kwenye redio moja, yangu.

"Mfute, Bibi," akasema. "Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Kweli hajawahi.

Bupe hakusema lolote. Alikuwa na haki ya kusema kuliko sisi sote, na alijua kwamba akisema nitamfuata. Kwa hiyo alisimamisha gari pale njia panda kwenye mvua, akasubiri. "Neno lako, Bibi," akasema tu. Nimewahi kutendewa wema mwingi maishani, na ule ninauweka kwenye mkubwa.

Sijui kama Mgeni alikuwa anaogopa. Watu waliosoma wanaweza kubishana juu ya hilo. Mimi nilikuwa na jambo dogo ninalolijua: aliniuliza kama kuna mtu, nikamwambia yupo. Nilimwandika kwa mkono wangu. Nikianza kufuta kwa kuwa aliyeita si mwenzetu, au si mtu kamili, Jumamosi ijayo nitapimaje? Na nilijua pia kwamba nikiyafuata hayo nitamvunja moyo Gwamaka, na kwamba kuwa sahihi hakutanisaidia kumtazama usoni.

"Kushoto, Bupe."

"Kushoto," akaitikia, nikasikia gari linakata kona.

*

"Umenifanyia hivyo mimi, Bibi?"

"Nimekufanyia, Gwamaka. Nipo hapa, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Sikumwita tena. Lakini sikutoka. Kanuni inasema unakaa na aliyeanguka mpaka mwisho, hata akikutukana, na Gwamaka hakunitukana. Alilia kidogo. Halafu, dakika kumi na tano zilipobaki, akafungua mkoba wake na kuanza kusikiliza vipande, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayehama nyumba na kupita kila chumba.

Nilisikia vyote, redio ilikuwa wazi. Vifupi, vya sekunde chache. Ipyana anacheka. Ipyana anawalaani wajenzi wa madaraja. Ipyana anapiga chafya. Upande wa pili wa redio Bupe alikuwa ameshamtoa Mgeni majini, amemlaza garini, anapanda kuelekea hemani. Mgeni, aliyekuwa na maswali mengi kiasi kile, alisikiliza tu.

Kipande cha mwisho kilikuwa kirefu kidogo. Kiliisha. Bupe akamfikisha Mgeni hemani, na dakika za Gwamaka zilipokwisha fulana yake ikalegea.

Akainuka. Akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi, akatoka kwenye mvua bila koti. Asajile akamfuata mbio na koti mkononi, mwiko ungali kwenye mkono wa pili.

Mechi tulishindwa kwa pointi tatu. Kamanda alinisindikiza nyumbani, maana njia ya kwangu inateleza. Alikuwa amenikasirikia, nami nilikuwa naona haya. Tulipofika nikagundua bega lake lote limelowa. Mwamvuli mzima ulikuwa upande wangu.

*

Jumatano nilimpelekea Gwamaka maparachichi. Mke wake alitoka peke yake. "Anasema asante sana, Bibi," akaniambia, na wote wawili tulijua hakuwa amesema. Nikamshukuru kwa kulisema.

Jumamosi iliyofuata sikumtegemea. Mechi ilikwisha, tukabaki na kofia zetu kichwani kwa ajili ya Wito, kama ilivyo desturi ya Kikosi cha Rungwe. Baada ya kila vita mtu wa redio anasoma majina yote, kwa mpangilio wa kujiunga, aliyepona na aliyefutwa. Kila mmoja anajibu Nipo, na anasema amekula nini. Wengine wanatania. Kuna mmoja kila wiki anasema amekula askari wa Vwawa.

Nilikuwa nimefika katikati mlango ulipofunguliwa. Gwamaka akasimama pale, maji yanamtoka. Hakuna aliyejifanya kushangaa, hakuna aliyemkimbilia. Kamanda alisogea tu kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja. Asajile akaenda jikoni akarudi na kofia. Nayo ilikuwa karibu na jiko. Ina maana aliiweka asubuhi, bila kujua kama mwenyewe atakuja.

Gwamaka akaivaa. Nikaendelea.

Alikuwa askari mpya sasa, kwa hiyo jina lake lilikuwa la mwisho kabisa. Kabla yake lilikuwepo jina moja.

"Mgeni," nikasoma.

"Nipo," sauti ikajibu, ile ile ya kubisha hodi. "Sijala."

"Haya. Asante, Mg..."

"Sijala, lakini ninayo sauti ya mtu aliyekula. Niliisikia nikiwa garini. Sisahau ninachosikia. Sikujua kama ni ruhusa kuisema, kwa sababu si yangu. Mwenyewe akiruhusu."

Niliangalia daftari langu, sikuthubutu kuangalia benchi.

"Ni ipi?" akauliza Gwamaka, kwa shida.

"Ya mwisho. Nyingine sikuzipata, gari lilikuwa linapiga kelele. Ya mwisho ninayo yote."

Gwamaka akainama.

"Itoe," akasema Gwamaka.

Ikaja kwenye kofia zetu zote, nyuma ya masikio yetu, pamoja na muungurumo wa injini na mvua ya mwaka mwingine:

"Gwamaka, we! Unanisikia? Usilale huko, ninakuja. Umeanguka tena, eti askari. Sikiliza, nimekula kande za Asajile. Zimeungua, usimwambie. Nimekubakizia bakuli, nimelifunika na sahani. Kaa hapo hapo. Ninakuja."

Ikaisha.

"Hazikuungua!" akapiga kelele Asajile kutoka jikoni, na machozi yanamtiririka. "Mwongo yule! Hazikuwahi kuungua!"

Bandani watu wakacheka, kile kicheko kinachotoka na kitu kingine ndani yake. Bupe alikuwa amefunika uso kwa kitenge. Mimi nilibaki na jina moja la kusoma.

"Gwamaka," nikasoma.

Alikuwa ameinama, viganja vyake viwili vimebana kofia masikioni kama mtu anayezuia kitu kisimwagike.

"Nipo," akasema. Akainua macho, akanitazama. "Nami sijala, Bibi."

Asajile alikuwa ameshafika na bakuli, limefunikwa na sahani.